Kustaafu, Kupunguzwa Kazini na Kufa Ofisini: Uainishaji wa Vifo vya Seli katika Mimea ya Bengamisa

Sehemu ya I: Eneo la uchunguzi na chanzo cha ugomvi

Bengamisa hakuna kinachokufa bila sababu, na hakuna sababu isiyo na mashahidi wanne wanaokanushana. Doa jeusi likitokea kwenye jani la mgomba, mwenye shamba atasema ni ugonjwa, agronomu atasema ni ukungu, jirani atasema ni jicho la mtu, na muuza dawa atasema bei. Kamati iliyoandika ripoti hii, yenye mjumbe mmoja ambaye ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina kwa wakati mmoja, imewasikiliza wote wanne kwa heshima. Imeona kwamba hakuna aliyeuliza swali la kwanza la utawala: marehemu aliuawa, au aliacha kazi?

Swali hili lina uzito wa pekee mahali hapa. Bengamisa iko kwenye barabara ya Kisangani kwenda Buta, yapata kilomita 50 kutoka mjini, katika eneo la Banalia, mkoani Tshopo. Mvua ya sehemu hizi hukaribia milimita 1,800 kwa mwaka. Hupungua kidogo karibu na Januari, hupungua tena kidogo katikati ya mwaka, kisha huendelea na shughuli zake. Kwa karne nyingi imeuchuja udongo mpaka ukabaki na asidi na aluminiamu. Watu hufyeka, huchoma, hupanda mpunga wa nchi kavu, mahindi, mihogo na ndizi, kisha huhamia kipande kingine. Yapo pia masalio ya mashamba makubwa ya kakao yaliyojulikana kwa jina la CABEN, yaani Cacaoyère de Bengamisa. Hivyo mmea wa hapa hupata taabu za kila namna bila kusafiri: maji kupita kiasi, kiu, jua kali, moto, njaa ya nitrojeni, sumu ya udongo na maadui wa kila ukubwa. Mwainishaji wa vifo angetaka nini zaidi?

Hoja ya ripoti hii ni moja. Vifo vingi tunavyoviona mashambani si mauaji. Ni watumishi walioacha kazi kwa kufuata utaratibu, na mara nyingi barua ya kuwaachisha iliandikwa ndani ya seli ileile iliyokufa. Mafuriko, kiangazi au kuvu havishiki kisu. Vinaleta habari tu. Seli huipokea habari, huipima, na ikibidi hujiondoa ili mmea uliobaki uendelee. Anayetaka kuzuia kila kifo shambani, kwa hiyo, ajiandae kushitakiwa kwa kuingilia utawala wa ndani wa mmea.

Kwamba seli inaweza kufa kwa mpango si habari ngeni. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie walieleza jinsi seli za wanyama zinavyojikunyata na kujikatakata kwa nidhamu badala ya kupasuka ovyo. Baadaye mnyoo mmoja mdogo wa udongoni, asiyezidi milimita moja, alihesabiwa seli zake zote: katika seli 1,090 za mwili anazotengeneza, 131 hufa, tena ni zilezile kila mara. Waliofuatilia jambo hilo, Brenner, Horvitz na Sulston, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimea haikualikwa kwenye sherehe, ingawa ilikuwa imekwisha kuzika seli nyingi zaidi bila kusumbua mtu.

Mazishi ya mimea yana mila zake. Mnyama ana seli zinazozunguka na kumeza maiti. Seli ya mmea imefungiwa ndani ya ukuta, wala hakuna jirani anayeweza kuja kumwondoa marehemu. Kwa hiyo lazima ijizike yenyewe. Chombo chake cha kujizikia ni vakuoli, mfuko mkubwa wa maji uliojaa vimeng'enya, ambao katika seli iliyokomaa huchukua sehemu kubwa ya nafasi yote. Mfuko huo ukipasuka kwa amri, kila kilichomo ndani ya seli humeng'enywa palepale. Mmea hauna vile vimeng'enya maarufu vya kifo vya wanyama viitwavyo kaspesi. Una binamu zao wa mbali, metakaspesi, waliotambuliwa mwaka 2000, na una vimeng'enya vingine vinavyokaa ndani ya vakuoli yenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha, kwa kutumia tumbaku iliyoambukizwa virusi, kwamba ukivizima hivyo vya vakuoli, seli inayotarajiwa kufa haifi tena kama ilivyopangwa. Shoka na jeneza, kumbe, vilikuwa kwenye sanduku moja.

Sehemu ya II: Vigezo

Ili kutenganisha aliyeacha kazi na aliyeuawa, kamati imepitisha vigezo vinne kwa kura moja dhidi ya sifuri.

Kigezo cha kwanza ni barua. Kabla ya kifo cha mpango hutangulia ujumbe: kalisiamu hufurika ndani ya seli, peroksidi ya hidrojeni na ndugu zake hutengenezwa kwa wingi, na homoni kama ethilini na asidi ya salisili hupita kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mmea usioandika barua haukupanga kitu.

Kigezo cha pili ni namna mwili ulivyokutwa. Seli inayokufa kwa mpango hujivuta kutoka kwenye ukuta wake na kujikunyata katikati. Hili linapimika. Chukua seli za mmea uzipashe moto kwa dakika 10 kwenye nyuzi 55 za Selsiasi: nyingi zitakufa zikiwa zimejikunyata. Uzipashe kwenye nyuzi 75 au zaidi: zitakufa pia, lakini zitabaki zimeshikamana na ukuta vilevile zilivyokuwa, maana hazikupata hata muda wa kusoma barua. Kamati inamwomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo, kwa sababu falsafa yote ya ripoti imo ndani ya zile nyuzi 20 za katikati.

Kigezo cha tatu ni mkono uliofanya kazi. Kifo cha mpango huhitaji nguvu na viwanda vya seli yenyewe. Mara nyingi, ukiviziba viwanda vya protini, kifo huahirishwa. Mauaji hayaahirishwi kwa kukosa vifaa vya marehemu.

Kigezo cha nne, ambacho kamati inakipenda kuliko vyote, ni ile shughuli ambayo maofisini mwa Kongo huitwa remise et reprise. Anayeondoka huhesabu viti, funguo, mihuri na madeni. Anayeingia hutia sahihi. Swali ni hili: je, kabla ya kufa, seli ilikabidhi mali? Kigezo hiki hakitimizwi na madaraja yote, kama vile kisivyotimizwa na maofisa wote.

Sehemu ya III: Madaraja

Daraja A: Wastaafu

Hawa ndio majani yanayogeuka manjano. Mtu wa kawaida hudhani jani la manjano ni jani linalokufa njaa. Ukweli ni kwamba ni jani lililo katikati ya makabidhiano. Mali kubwa ya jani ni nitrojeni, na nyingi ya hiyo imefungwa kwenye protini zinazofanya kazi ya kunasa hewa na mwanga ndani ya kloroplasti. Taarifa ya kustaafu ikifika, kwa sababu ya uzee, kivuli, kiangazi au njaa ya udongo, kloroplasti ndizo huvunjwa kwanza. Rangi ya kijani huondolewa, protini hukatwa vipande, na nitrojeni na fosforasi husafirishwa kupitia mishipa kwenda kwa majani machanga, mbegu au mizizi. Kiini cha seli na mitokondria hubaki mpaka mwisho, kwani lazima awepo mtu wa kusimamia hesabu na mtu wa kuwasha taa. Kwa wastani mmea hurudisha nusu au zaidi ya nitrojeni ya jani kabla ya kuliachia lianguke.

Kamati imelitazama jani la muhogo wakati mvua inapokawia karibu na Januari. Mmea huangusha majani ya chini, huyapunguza mapya, hufunga stomata, na hungoja. Mkulima mgeni huona msiba. Mmea umepunguza tu idadi ya midomo inayopumua maji, na shina limebaki na akiba. Mvua ikirudi, majani huchipua tena na sombe hurudi chunguni. Kuanguka kwenyewe kuna mhandisi wake: chini ya kikonyo hujengwa ukanda wa seli zinazoyeyusha gundi iliyoziunganisha, na upande unaobaki huzibwa. Anayeondoka hufungiwa mlango bila kubamizwa.

Homoni inayoongoza sherehe hizi ni ethilini, ambayo ni gesi. Katika miji ya Ulaya ya karne ya 19 miti ya barabarani ilipukutisha majani karibu na mabomba yaliyovuja ya gesi ya taa, na mwaka 1901 Neljubov, akiwa St. Petersburg, alitambua kwamba kilichoivuruga mimea ndani ya gesi ile ni ethilini. Miti ilikuwa imepokea barua bandia za kustaafu zilizotumwa na kampuni za taa. Tutakutana na barua bandia tena katika Daraja D, na huko hazitachekesha.

Daraja B: Marehemu walio kazini

Serikali nyingi husumbuliwa na watumishi hewa, wale ambao Kongo huitwa fictifs: jina limo kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo. Mmea umelipindua tatizo hilo. Una watumishi waliokufa, wasiolipwa chochote, ambao kila siku wanafanya kazi kubwa kuliko walio hai.

Hao ni seli za zailemu, mabomba yanayopandisha maji kutoka mizizini. Seli ya zailemu hujenga ukuta mnene ulioimarishwa kwa lignini, huhakikisha kila kitu kiko imara, kisha huamuru vakuoli yake ipasuke. Kwenye zinia, mmea ambao seli za majani yake zinaweza kugeuzwa mabomba ndani ya chupa ya maabara, kiini huharibiwa katika dakika chache baada ya vakuoli kupasuka. Kinachobaki ni ukuta mtupu, na ukuta mtupu ndio uliotakiwa tangu mwanzo, kwa kuwa seli yenye mwili ndani haipitishi maji.

Malori ya magogo yanayoshuka kwenda Kisangani, yakiwa na afromosia au mbao nyingine ngumu, yamebeba kwa hesabu hii makaburi yaliyopangwa safu kwa safu, kila kaburi likiwa limejengwa na marehemu mwenyewe. Hata ule mti wa limbali uliosimama wima msituni, ukiwa na afya tele, ni maiti kwa sehemu yake kubwa. Walio hai ni tabaka jembamba chini ya gome, ncha, majani na seli chache zilizotapakaa kwenye mbao. Taabu ya mazingira hapa huingia kidogo tu. Daraja hili hufa kwa ratiba, mvua inyeshe isinyeshe.

Daraja C: Waliobomoa ofisi ili wengine wapate hewa

Mahindi yakifurikiwa bondeni, tatizo la mizizi si maji bali ni hewa. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa takribani mara 10,000. Mzizi uliozama huanza kukosa pumzi, na jambo la pili hufuata: ethilini ambayo mzizi huitoa kila siku, na ambayo kwa kawaida hupotelea hewani, sasa imezuiwa na maji yaleyale. Gesi hujikusanya ndani. Kwa maneno mengine, mzizi haupimi mafuriko moja kwa moja. Hupima kwamba harufu yake mwenyewe haiondoki, na kutokana na hilo huamua kwamba umezungukwa.

Amri hutolewa kwa seli za katikati ya gamba la mzizi, na kwa hizo tu. Zinajiyeyusha, na katika siku chache mzizi unakuwa na mifereji mirefu ya hewa inayoshusha oksijeni kutoka juu. Seli za nje zinabaki kuulinda mzizi, za ndani zinabaki kupitisha chakula, na zilizobomolewa hazisikiki tena. Mpunga ni mwenye busara zaidi: haungoji barua. Huijenga mifereji hiyo hata kabla ya mafuriko na huiongeza yakija. Ndiyo maana mpunga husimama majini kwa utulivu ambao mahindi hayajawahi kuuelewa.

Jambo linaloipa kamati raha ni kwamba mahindi hujenga mifereji hiyohiyo hata kwenye nchi kavu, yakikosa nitrojeni au fosforasi. Hapo hakuna haja ya hewa. Kinachookolewa ni gharama: seli iliyoyeyushwa haili tena, na malighafi yake hutumika kurefusha mzizi ukatafute chakula mbali zaidi. Shida mbili, amri moja, faida tofauti. Mchunguzi asiyejua hilo angeikuta maiti ileile na kuandika sababu isiyo yake.

Daraja D: Waliofunga mlango kwa ndani

Hapa tunafika kwenye doa jeusi lililoanzisha ugomvi wetu. Kuvu akitua kwenye jani na kuingia kupitia stomata, mmea unaomtambua hauendi kumpiga. Seli chache zinazomzunguka hujiua kwa haraka, zikiwa zimejaa peroksidi na vizuizi, na mvamizi anayetaka kula chakula kutoka kwa seli iliyo hai hujikuta ndani ya chumba chenye maiti na mlango uliofungwa. Stakman, akichunguza kutu ya ngano huko Minnesota, aliliita jambo hili mwitiko wa hisia kali mwaka 1915. Jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba mmea umedekezwa. Kinyume chake, mmea ulioshindwa ndio usiohisi kitu.

Ushahidi bora kabisa uko jirani. Yangambi, kilomita zipatazo 100 kutoka Kisangani ukishuka mto Kongo, palikuwa na kituo kikuu cha utafiti wa kilimo cha INEAC, kilichoanzishwa mwaka 1933. Kutoka huko ilitoka aina ya ndizi inayoitwa Yangambi Km5, jina ambalo linasikika kama anwani ya kibanda cha bia lakini linajulikana na wataalamu wa ndizi duniani kote. Sigatoka nyeusi, kuvu anayeunguza majani ya migomba mingi mpaka yakaning'inia kama matambara, akiingia kwenye jani la Km5 hukutana na vifo vya haraka vya seli zilizo karibu na mlango alioingilia. Huishia hapo. Kwenye jani la mgomba dhaifu hakuna haraka: kuvu hukaribishwa, huenea kimyakimya kwa muda, kisha jani zima huungua.

Kanuni ya daraja hili, basi, inakwenda kinyume na macho. Vidoa vidogo vilivyokauka mapema na kukoma palepale vinaweza kuwa muhuri wa ulinzi, na jani safi la leo linaweza kuwa la adui tayari. Anayehesabu madoa bila kuuliza yanakua au yamesimama amehesabu kaburi la askari pamoja na kaburi la jambazi.

Daraja D, kifungu cha pili: sahihi ya kughushi. Ulinzi unaotegemea kujiua una kasoro iliyo wazi. Wapo kuvu wasiotaka seli hai hata kidogo. Wao hula maiti. Katika miaka ya 1940 wakulima wa Marekani walipanda nafaka ya oti iliyobeba asili ya oti iliyoitwa Victoria, kwa sababu ilikuwa imara dhidi ya ugonjwa wa kutu. Muda si mrefu akatokea kuvu mwingine, mwenye sumu iitwayo viktorini, ambayo haiui seli kwa nguvu zake. Inaigusa tu kengele ya kujiua, na oti zenye kengele hiyo zilitii. Mashamba yaliangamia kwa kufuata utaratibu kikamilifu. Wanasheria wa kamati, yaani mjumbe yuleyule, wanaona kesi hii iandikwe kwenye faili mbili: mkono ni wa mmea, nia ni ya adui.

Daraja E: Waliopunguzwa kazini

Mkakao ni mwajiri anayetangaza nafasi nyingi kupita bajeti. Hutoa maua kwa maelfu moja kwa moja kwenye shina na matawi makubwa. Ua lisilochavushwa na vile vijidudu vidogo vinavyoruka huanguka ndani ya siku moja au mbili. Hilo ni kundi la waombaji ambao hawakuitwa kwenye usaili, na halimsikitishi mtu.

Kinachomsikitisha mkulima ni matunda machanga. Yamekwisha kushika, yana urefu wa kidole, yanaahidi. Halafu yanageuka manjano, yanakuwa meusi na kukauka yakiwa bado yamening'inia. Mara nyingi zaidi ya nusu ya matunda machanga huishia hivyo katika miezi 2 au 3 ya kwanza. Tunda likishapita umri huo, huwa salama dhidi ya kifo cha namna hii na huendelea hadi kuiva, miezi 5 au 6 tangu ua.

Mti umepiga hesabu. Chakula kinachotengenezwa na majani hakitoshi matunda yote pamoja na majani mapya yanayochipua, na kiangazi au kivuli kizito kikipunguza mapato, orodha hupunguzwa zaidi. Njia za kupeleka chakula na maji kwenye tunda lililoachishwa huzibwa kwa utomvu, na tunda huanza kuzeeka kwa kasi. Tatizo la utawala ni kwamba kakao haina ukanda wa kuliangusha tunda kama linavyoangushwa jani. Aliyeachishwa hubaki ofisini, mweusi, mbele ya macho ya watu, na kuvu wa kawaida wanakuja kumla. Mwenye shamba akipita wiki moja baadaye, huwaona kuvu, huwakamata, huwahukumu na kununua dawa. Dawa ikipuliziwa, matunda yaliyokusudiwa kubaki yanabaki, na muuza dawa anapokea sifa. Kamati haitaki kumharibia mtu biashara, lakini inalazimika kuandika kwamba mtuhumiwa alifika baada ya mazishi. Ugonjwa wa kweli wa maganda meusi upo na ni mkali. Huo hushambulia hata tunda kubwa lililokaribia kuiva, na hapo malalamiko yanapokelewa.

Daraja F: Waliotengwa na makao makuu

Mzizi wa muhogo ukiwa ardhini hukaa miezi mingi bila kulalamika. Ukichimbuliwa leo asubuhi, ndani ya saa 24 hadi 72 utaanza kuonyesha mistari ya bluu na nyeusi kwenye mishipa yake. Hakuna kuvu wala bakteria katika hatua hii. Hao watakuja baadaye kama kawaida yao. Mzizi umejifanyia jambo hili wenyewe.

Kamati ilifanya mahojiano ya kitaalamu kando ya barabara ya Buta.

“Mama, mihogo hii ni ya lini?”

“Ya leo, Papa.”

“Na ile ya upande ule?”

“Ile pia ni ya leo. Leo ya juzi.”

Kauli hiyo ni sahihi kisayansi. Jeraha la kung'olewa huzua ndani ya mzizi mlipuko wa oksijeni kali ambao huanza mapema sana, kabla jicho halijaona chochote. Muhogo uliokatwa hutoa sianidi, silaha yake ya zamani dhidi ya walao mizizi. Sianidi hiyo huziba upumuaji wa mitokondria za muhogo wenyewe, na oksijeni kali huzidi. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba ukiipa mihogo uwezo mkubwa zaidi wa kimeng'enya kinachoupitisha upumuaji kando ya kizuizi hicho, mistari huchelewa kwa siku nyingi. Seli zinajibu jeraha kana kwamba bado zimeunganishwa na mmea: zinapiga kengele, zinatengeneza vizuizi, zingine zinakufa ili kuziba kidonda. Kwenye mmea ulio hai, wimbi hilo lingezuiwa kando ya jeraha na kazi ingeendelea. Kwenye mzizi uliofungwa juu ya baiskeli kuelekea Kisangani hakuna wa kusema inatosha, na amri iliyokusudiwa kwa seli chache inaenea kwa wote.

Hili ndilo daraja la huzuni kupita yote, kwani kila afisa alitimiza wajibu. Na ndilo daraja ambalo watu wamelishughulikia kwa akili nyingi kabla ya maabara kuamka: huacha mzizi ardhini mpaka mteja awepo, hulowesha na kutengeneza kwanga, hukausha, au hukata mashina na majani wiki mbili tatu kabla ya kuchimbua, jambo ambalo kweli hupunguza uharibifu.

Daraja G: Waliouawa

Hapa wamo walioungua ndani ya moto wa shamba, waliokatwa kwa jembe, waliomwagiwa maji ya moto. Hakuna barua, hakuna kujikunyata, hakuna makabidhiano. Daraja hili halina la kuelezwa, ingawa ndilo pekee ambalo watu hulifikiria wanapoona kitu kilichokufa.

Sehemu ya IV: Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza: mmea hauna akili, utaamuaje? Jibu: hauamui kama diwani. Kwa mamilioni ya miaka mimea iliyokuwa na kengele mbovu ilikufa bila mbegu, na iliyobaki ni ile ambayo kengele yake hulia kwa kiasi kinachofaa. Kanuni za utumishi ziliandikwa na vifo vya walioshindwa kuzifuata.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mipaka ya madaraja inavuja. Ni kweli, na inavuja kwa mpangilio. Taabu ileile, kwa dozi tatu, huzaa hukumu tatu. Udongo wa Bengamisa ni mfano mzuri. Aluminiamu iliyoyeyuka kwenye asidi hushambulia ncha za mizizi. Ikiwa kidogo, mzizi hutoa asidi zake za kuifunga sumu, hujizoeza na kuendelea. Ikizidi, baadhi ya seli za ncha hujiondoa kwa mpango. Ikizidi sana, zinakufa tu bila heshima yoyote. Mpunga na muhogo huvumilia mengi kabla ya kufika hatua ya mwisho, na kwa sababu hiyo ndiyo mazao ya hapa. Vivyo hivyo moto wa kufyeka: jani lililo ndani ya moto liko Daraja G, na lililo mita kadhaa kando huenda likawa limefikia zile nyuzi za katikati ambazo seli hupata muda wa kusoma barua. Ukingoni mwa shamba lililochomwa, mauaji na kujiuzulu vinaweza kukaa kwenye tawi moja.

Kwa hiyo taabu haina daraja lake. Daraja hutokana na kama seli ilipata muda.

Sehemu ya V: Mapendekezo

Kwanza, anayekuta majani ya manjano chini ya mmea wenye ncha za kijani asiyapulizie dawa. Aulize nitrojeni imekwenda wapi. Ikiwa hata ncha ni za manjano, wastaafu hawakuwa na mtu wa kumkabidhi, na hapo ndipo udongo unapohitaji msaada.

Pili, tunda changa jeusi la kakao lihukumiwe kwa umri wake kabla ya kuhukumiwa kwa rangi yake.

Tatu, doa la mgomba lipewe siku chache chini ya uangalizi. Lililosimama liachwe lipumzike. Linalopanuka lishitakiwe, na jani likatwe.

Nne, wanaozalisha mbegu wasijisifu kwa kuondoa kifo. Mahindi yasiyoweza kubomoa mizizi yake yangezama, mgomba usiojiua kidogo ungeungua wote, na mti usiokubali marehemu kazini usingepanda juu ya goti la mtu. Kinachofaa kuzalishwa ni mmea unaojua ni nani wa kufa, wapi, na lini wa kusimamisha.

Tano, na hapa kamati inavuka mamlaka yake kwa makusudi: nakala ya Daraja A ipelekwe katika ofisi yoyote ambayo mkubwa wake wa zamani aliondoka na funguo, mihuri na jenereta. Jani la muhogo, lisilo na elimu wala usafiri wa serikali, hurudisha nusu ya mali kabla ya kuondoka. Huo uwe ndio mwanzo wa mazungumzo, si kilele chake.